Tarehe Ni ya Nani?

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba wajibu wa msema kweli huishia pale anapokwisha kusema. Akishautoa ukweli kinywani mwake, au akishauandika kwenye karatasi, basi mzigo ameutua. Aliyeelewa ameelewa, na asiyeelewa shauri yake. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na kwa muda huo wote nimekuwa nikijiuliza kama imani hiyo ni ya haki. Katika kurasa hizi ningependa, ndugu msomaji, tulitazame swali hilo kwa kupitia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uzito wowote wa kimaadili: namna kompyuta inavyoandika tarehe na saa.

Mimi si mtaalamu wa mashine hizo. Zilipofika katika ofisi za chuo chetu cha ualimu nilikuwa nakaribia kustaafu, nasi tulizitumia kama taipureta zenye kioo. Ninayoyajua nimeyapata kwa mjukuu wangu, ambaye anajifunza kuandika programu, na ambaye ana subira ya kumweleza babu yake jambo moja mara tatu. Siku moja aliniambia, "Babu, kompyuta haijui tarehe. Inajua kuhesabu tu." Nikamtaka anieleze.

Alinieleza kwamba kompyuta nyingi huutunza wakati kwa kuhesabu sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Hapa kwetu Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa saa tisa usiku. Tangu hapo hesabu inakwenda. Ndani ya mashine hakuna Jumatatu wala Ijumaa, hakuna Machi wala Desemba. Kuna namba moja ndefu inayoongezeka. Tarehe huzaliwa pale tu mwanadamu anapotaka kusoma. Hapo mwandishi wa programu hana budi kuamua namba ile itavikwa sura gani.

Chukua mfano wa sekunde ya bilioni moja, yaani 1,000,000,000. Sekunde hiyo ilifika mara moja tu kwa dunia nzima. Lakini aliyekuwa Dar es Salaam aliipata siku ya Jumapili, tarehe 9 Septemba 2001, saa kumi na dakika arobaini na sita alfajiri. Aliyekuwa New York aliipata Jumamosi, tarehe 8, saa tatu na dakika arobaini na sita usiku. Tukio ni moja, tarehe ni mbili, na hakuna kati ya watu hao aliyekosea.

Kazi ya kuivika namba hiyo sura ina vyombo vyake. Katika lugha ya programu iitwayo C, ambayo kanuni zake rasmi zilipitishwa Marekani mwaka 1989, kuna chombo kinachoitwa strftime, na lugha nyingine kama Python zimekirithi. Mwandishi hukipa maagizo kwa herufi zinazotanguliwa na alama ya asilimia: %d ni siku ya mwezi, %m ni mwezi, %Y ni mwaka kwa tarakimu nne, %H ni saa, %M ni dakika. Utaona kwamba mwezi na dakika vinatofautishwa na ukubwa wa herufi tu. Anayeandika %M mahali pa %m atachapa dakika pale palipostahili mwezi, na mashine haitamwonya, kwa sababu ameagiza nayo imetii. Vivyo hivyo, akiandika %d/%m/%Y siku itatangulia, kama ilivyo desturi yetu na ya Waingereza. Akiandika %m/%d/%Y mwezi utatangulia, kama ilivyo desturi ya Wamarekani. Mashine haina upendeleo. Zote mbili kwake ni sahihi.

Sasa nitaeleza kwa nini jambo hili lilinitoa katika udadisi na kunitia katika kufikiri. Miaka michache iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima, alipewa karatasi ya kurudi kliniki ya macho. Karatasi ilichapwa na mashine, na ilisema 04/05. Mama yule alisoma kama alivyofundishwa shuleni: tarehe nne, mwezi wa tano. Nilimsindikiza siku hiyo. Tulipofika dirishani tukaambiwa kwamba siku yake ilikuwa tarehe tano ya mwezi wa nne, imekwisha kupita, na nafasi yake alipewa mtu mwingine. Nilipouliza, kijana aliyekuwa dirishani alinijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, mashine imeandika sawasawa." Mama akaingizwa upya kwenye foleni, akasubiri miezi mingine minne huku jicho likizidi kufifia.

Jibu lile la kijana sijalisahau, kwa sababu lilikuwa kweli. Tuwatazame wahusika mmoja mmoja. Mwandishi wa programu hakudanganya. Aliiacha tarehe katika sura aliyoikuta. Kijana wa dirishani hakudanganya, alichapa kilichokuwemo. Mama hakuzembea, aliitunza karatasi yake na kufika siku aliyoisoma. Watu watatu, kila mmoja ana haki yake, na hata hivyo katikati yao pamezaliwa uongo uliomgharimu mmoja wao. Uongo huo umetoka wapi?

Kwa maoni yangu umetoka katika ile imani niliyoitaja mwanzoni, kwamba ukweli ukishaandikwa kazi imekwisha. Ninathubutu kusema sivyo. Anayeandika 04/05 anaweza kujua kwamba tarakimu hizo zina njia mbili. Anayesoma hajui, yeye anaiona njia moja, tena iliyonyooka, na hana sababu ya kuuliza. Mtu hawezi kuulizia njia panda asiyoiona. Basi wajibu wa kuweka kibao ni wa yule anayeiona njia panda, si wa yule anayepita. Nami siuiti wajibu huo hisani. Ni deni, kwa sababu aliyeandika ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuzuia madhara, na gharama yake ilikuwa kuandika neno moja: Aprili.

Walimu wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Chuoni nilitaka ratiba zote za mitihani zitaje saa pamoja na sehemu ya siku: asubuhi, mchana au jioni. Baadhi ya wenzangu waliona ni mambo ya watoto. Lakini fikiri: saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni 8:00 ya Kiingereza, na saa nane mchana ya Kiswahili ni 2:00 ya Kiingereza. Tarakimu mbili zilezile zimebadilishana mahali. Mwanachuo anayekuta 8:00 ubaoni, bila neno jingine, anaweza kufika mchana akakuta wenzake wamekwisha kukusanya karatasi. Je, tumpe sifuri kwa kutojua Historia, au kwa kusoma saa kwa lugha ya mama yake?

Mwalimu mwenzangu mstaafu, aliyekuwa akifundisha Hisabati, hakubaliani nami, na hoja yake ni nzito. Yeye husema kwamba ukimfuata kila msomaji na desturi yake hutafika popote. Dunia imekwisha kukubaliana kuhusu sura moja, ile ya kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama 2001-09-09. Sura hiyo haina utata, na ukiipanga orodha yake kwa tarakimu, tarehe zenyewe hujipanga kwa mfuatano. "Wafundishe watu waijue," huniambia, "badala ya kuwabembeleza."

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mashine inapozungumza na mashine, au karani anapotunza kumbukumbu, sura moja isiyobadilika ni baraka. Lakini kufundisha watu ni kazi ya miaka, na karatasi ya kliniki inasomwa leo. Hatuwezi kumwadhibu mgonjwa wa leo kwa somo tutakalolifundisha kesho. Zaidi ya hayo, anayesema "waache wajifunze" mara nyingi ni yule ambaye desturi yake mwenyewe ndiyo iliyokwisha kuingizwa ndani ya mashine.

Itazame Kiswahili. Ndani ya lugha ya C, Jumapili huhesabiwa kuwa siku ya sifuri. Katika kanuni ya kimataifa, siku ya kwanza ya juma ni Jumatatu. Lakini sisi jina lenyewe linatuambia kwamba Jumatatu ni ya tatu, maana ya kwanza ni Jumamosi. Kwa saa hali ni hiyo hiyo. Katika herufi zote za strftime hakuna hata moja inayotoa saa ya Kiswahili, ingawa mamilioni ya watu, na jirani zetu wa Ethiopia pia, huihesabu saa ya kwanza tangu kucha. Mjukuu wangu alinionyesha kwamba hesabu yake ni nyepesi: chukua saa ya mashine, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, na kitakachobaki ndiyo saa yetu; kikibaki sifuri, ni saa kumi na mbili. Mistari michache tu. Kazi kubwa zaidi, alisema, ni usiku. Tikiti ya basi inayosema "saa sita usiku, tarehe 10" inamaanisha usiku wa kuamkia tarehe 10, au ule wa kuamkia tarehe 11? Hapo hesabu haitoshi. Ni lazima mtu amfikirie abiria amekaa na mizigo yake stendi.

Wapo pia wasomaji wasioonekana kabisa, nao ni wale wa baadaye. Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta nafasi ya kutunzia habari ilikuwa ghali; kadi ya kutobolewa ilikuwa na safu 80 tu. Waandishi wa programu wakaona busara kuuandika mwaka kwa tarakimu mbili: 65 badala ya 1965. Ilikuwa akiba halali. Lakini mwaka 2000 ulipokaribia, 00 ikawa inaweza kusomeka 1900, na fedha nyingi mno zikatumika duniani kote kuzirekebisha programu hizo. Nyingine zilikuwa na kasoro ya aina tofauti: zilihesabu miaka tangu 1900, mwandishi akabandika 19 mbele, na ilipofika Januari 2000 zikaonyesha mwaka 19100. Watu wakacheka, lakini mimi naona fundisho. Tarakimu mbili ziliokolewa na baba, na deni likalipwa na mwana. Wahenga waliposema majuto ni mjukuu, hawakujua kwamba safari hii angekuwa mjukuu wa kweli.

Hata hivyo sitaki nieleweke vibaya. Kusema kwamba sura ni haki ya msomaji si kusema kwamba wakati wenyewe ni mali yake, aukunje apendavyo. Zipo programu ambazo, ili kumpendeza mtu, humwandikia "muda mfupi uliopita" au "jana". Kwa salamu za rafiki hilo halina ubaya. Lakini kwa risiti, kwa hati ya mauzo ya shamba, kwa taarifa ya polisi, "jana" ni neno linalooza. Kesho yake limekuwa uongo. Hapa ndipo ninapoona hekima katika mpango wa mashine. Ile namba ndefu iliyo ndani haiguswi. Unaweza kuivika vazi la Kiswahili, la Kiingereza au la Kiarabu. Ukilivua, namba ni ileile. Mwema kwa msomaji ni yule anayebadilisha vazi bila kuugusa mwili.

Kwa hiyo, nikirudi kwenye swali letu, jibu langu ni kwamba msema kweli ana wajibu wa aina mbili. Wa kwanza ni kwa jambo lenyewe: asilipunguze wala kulipinda. Wa pili ni kwa mtu: alifikishe katika sura ambayo mtu huyo, kwa malezi na lugha aliyonayo, ataisoma kama lilivyo. Anayetimiza wa kwanza tu anaweza kusimama dirishani na kusema mashine imeandika sawasawa, na hatakuwa mwongo. Lakini hatakuwa ametenda haki. Anayetimiza wa pili tu atapendwa, na siku moja atawapoteza wanaomwamini.

Vijana wanaoandika programu sasa ni wengi hapa kwetu, na ninafurahi. Tiketi, risiti na karatasi za kliniki watakazosoma wajukuu wao zitatoka katika mikono yao. Ningewaomba jambo dogo tu. Kabla hamjachagua herufi zile za asilimia, ulizeni nani atasoma, na atakuwa wapi. Msipomjua, andikeni mwezi kwa jina lake, mwaka kwa tarakimu nne, na saa pamoja na sehemu ya siku. Hayo yatawagharimu herufi kumi au kumi na tano, na pengine msomaji hatatambua kamwe kwamba mlimfikiria.