Ngoma Moja, Masikio Mawili

Je, ukweli ni mmoja, au kila taifa lina ukweli wake? Tulipime swali hili kwa jambo lililotukia Basoko, mahali Mto Aruwimi unapoingia katika Mto Kongo.

Tarehe 1 Februari 1877 Henry Morton Stanley alifika hapo na watu wake. Aliona mitumbwi 54 ikimjia, wapiga kasia wamevaa manyoya vichwani. Akasikia ngoma, baragumu na nyimbo. Akaona ni vita. Kwa maandishi yake, mikuki ilirushwa kwanza, ndipo bunduki zikalia.

Miaka mingi baadaye, Mojimba, mkuu wa mitumbwi ile, alimsimulia Padre Joseph Fräßle habari nyingine, naye Padre akaitia katika kitabu chake. Watu walidhani mgeni mweupe ni ndugu yao aliyezama zamani, akapata weupe katika ufalme wa chini ya mto. Wakavaa mavazi ya sherehe, wakaenda kumlaki kwa shangwe. Wakajibiwa kwa risasi.

Kwa nini walisikia tofauti? Stanley alikuwa amepigana mara nyingi mtoni. Woga ulimfundisha kwamba kila ngoma ni ya vita. Watu wa Basoko walifundishwa na wazee wao kwamba aliyezama aweza kurudi. Kila upande ulisikia kwa sikio la mazoea yake. Hata masimulizi ya Mojimba yalipita katika kumbukumbu ya mzee na katika lugha ya mgeni.

Basi, tuseme hakuna ukweli? Hasha! Ama mikuki ilitangulia, ama haikutangulia. Mila za mtu haziwezi kuamua hilo. Nao waliokufa walikufa, kwa fikira za Basoko na kwa fikira za Ulaya. Mila hutupa macho ya kuonea, lakini haiumbi kinachoonwa.

Kuna na neno la pili. Pande zote mbili zilikosea juu ya mwenzake. Lakini kosa la Mojimba liliandaa karamu, na kosa la Stanley lilitoa roho za watu. Kwa hiyo mwenye nguvu zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuuliza kabla ya kuhukumu.

Nawe, ukisikia ngoma ya jirani usiyoielewa, utauliza kwanza, au utahukumu?