Usimtafute Aliyekufunga

Dada mmoja mwenye kibanda cha chakula pale Kakola, wanakopita watu wa mgodi wa Bulyanhulu wakiingia na kutoka zamu, ana miaka 44 na hajajaliwa mtoto. Mumewe anahangaika na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu na marudio ya mchanga wa wachimbaji wadogo. Anauliza mambo mawili: je, ni aibu kwa umri wake kwenda kwa daktari kutafuta ujauzito? Na afanyeje na shangazi wa mume, anayeshikilia kwamba waanzie kwa mganga ili waonyeshwe "aliyemfunga"?

Kuhusu aibu, haipo. Novemba 2023, katika hospitali moja huko Kampala, Safina Namukwaya alijifungua mapacha akiwa na umri wa miaka 70, kwa mimba iliyopandikizwa kwa mayai ya kuchangiwa. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amezaa binti katika hospitali hiyohiyo. Alikwishasimangwa na kuitwa mwenye laana kwa sababu ya utasa, na alipobeba mapacha alilalamika kwamba mwanamume wake amemkimbia. Sisemi umuige, miaka 70 ni mingi mno. Ninachosema ni kwamba ukiwa na miaka 44, kukaa kwenye benchi la kliniki ya wanawake hakukufanyi kituko. Najua pia kinachokuuma, hata kama hukukiandika: msibani, mwenye daftari la rambirambi anakuuliza, "Niandike mama nani?"

Swali la pili ndilo zito. Wewe unaishi Shinyanga, unajua ramli imefanya nini huku. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini ya kupikia watoto wa wengine. Chanzo huwa jambo la nyumbani kabisa: mtoto amekufa, mifugo imeisha, mke hashiki mimba. Mpiga ramli hatoi dawa tu, anatoa na jina. Leo ni mke mwenzio, kesho mama mkwe, keshokutwa ni bibi wa jirani asiye na mtu wa kumtetea. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali iliwapiga marufuku waganga wa namna hiyo, na Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini hata pasingekuwa na sheria: mtoto uliyemtafuta kwa damu ya ajuza utamwimbia wimbo gani akilia usiku?

Simsemi mganga anayechemsha mizizi. Ukinywa dawa ya huyo, mwambie daktari tu ulichokunywa, asije akachanganya dawa asizozijua.

Sasa twende kwenye sababu zenyewe. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hayaongezwi. Kuanzia miaka 35 hivi yanapungua kwa kasi na ubora wake unashuka, na kwa miaka 44 wanaofanikiwa kwa mayai yao wenyewe ni wachache, hata wakipandikiziwa. Ndiyo maana aliyevuka 35 haambiwi asubiri mwaka mzima, miezi sita ikipita bila kitu anakwenda kupimwa. Halafu kuna mirija kuziba, na mara nyingi hiyo hutokana na kisonono au klamidia isiyotibiwa, magonjwa yanayopenda miji ya machimbo yenye watu wa kuja na kuondoka. Kuna uvimbe wa kizazi. Kuna na zebaki: mumeo anakamua dhahabu iliyoshikwa na zebaki kwenye kitambaa, kisha anakiweka kile kidonge juu ya jiko la mkaa mpaka kigeuke njano, wewe uko palepale unakoroga ugali. Mvuke ule ni sumu kwenu wote wawili, na mimba ikiingia, zebaki humfikia mtoto tumboni. Uchomaji utoke nyumbani leo, kabla ya nauli ya hospitali.

Na mume apimwe. Atasema ana mtoto aliyemzaa ujanani huko Geita. Vizuri, ila mtoto wa miaka kumi na tano iliyopita si ushahidi wa mbegu za mwaka huu. Karibu nusu ya matatizo haya yana mkono wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko pengine pote. Majibu yakitoka, msiyafanye ramli nyingine. Nimeona nyumba ambako cheti cha maabara kilifanya kazi ileile ya kibuyu cha mganga: kumpata mwenye kosa. Mbegu zikiwa chache, zisifike kijiweni wala kwa dada zako. Mirija ikiwa imeziba, mume asiulize ulikuwa na nani mwaka gani. Karatasi ile ni ya kuelekeza tiba, haikuandikwa kwa ajili ya baraza la ukoo.

Daktari akikuuliza umri, taja wa kweli, hata kama kitambulisho kinakupunguzia. Maria del Carmen Bousada wa Hispania alidanganya umri wake kwenye kliniki ya Marekani, akazaa mapacha mwaka 2006 akiwa na miaka 66. Mwaka 2009 saratani ilimchukua, watoto hawajafika hata miaka mitatu. Mimba ya ukubwani huja na presha, kisukari na kifafa cha mimba, na daktari hupanga kinga kwa umri aliotajiwa.

Mkifikia kuambiwa habari ya mayai ya kuchangiwa, zungumzeni na imani zenu kabla, si baada. Kanisa Katoliki lilikataa upandikizaji tangu waraka wake wa 1987, na masheikh wengi hawakubali mtu wa tatu kuingia kati ya mume na mke. Mume asije kujua kwa bahati mbaya. Na fedha: jaribio moja ni mamilioni, na halina dhamana. Pangeni kiwango mapema, kiwanja na mtaji wa kibanda visiguswe.

Kuhusu shangazi, si kazi yako kumjibu. Ni damu ya mumeo, basi mumeo ndiye amwendee, amsalimie kwa heshima, amweleze kwamba wanaanza na Hospitali ya Bugando, wote wawili, na kwamba hakuna jina la mtu litakalotajwa katika safari hii. Akiuliza ni nani basi mwenye tatizo, ajibu: "Ni letu."