Nzi Aliyetoka Kwanza

Kabla sijaacha chuo, mwaka wa pili, kazi yangu maabarani ilikuwa kulisha nzi. Wale wadogo wa macho mekundu wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Thomas Hunt Morgan aliwafuga ndani ya chupa za maziwa New York, na mwaka 1910 akapata mmoja mwenye macho meupe.

Watafiti hupenda kuwashindanisha. Unaweka mabuu wa koo mbili kwenye chupa moja, chakula kidogo, kisha unahesabu wangapi wa kila ukoo wametoka na mabawa. Nilidhani jibu litakuwa rahisi: hawa hodari, wale dhaifu. Wapi! Ukoo unaotamba chupa ikijaa unaweza kuzidiwa kukiwa na nafasi. Laurence Mueller alifuga nzi kwenye msongamano vizazi kwa vizazi. Mabuu wao wakawa wanakula haraka zaidi, lakini kila mmoja akahitaji chakula kingi zaidi ili akomae. Umewahi kugombania matatu saa kumi na mbili jioni? Basi unawajua.

Halafu kuna hili la uchotara. Zalisha ndugu kwa ndugu vizazi kadhaa, ukoo unafifia. Uchanganye na ukoo mwingine uliofifia vilevile, na mara nyingi watoto wanawapita wazazi wote wawili, kwa sababu kasoro ya upande mmoja inafunikwa na nakala nzima ya upande wa pili. Ndiyo siri ya mahindi ya H611 yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, Kitale Synthetic II kwa Ecuador 573. Shosho anajua: ukipanda tena mbegu uliyovuna, nguvu inapungua. Haikuwa ya punje peke yake, ilikuwa ya ile ndoa.

Sasa, nzi aliyetoka kwanza anastahili sifa gani hasa? Swali hili linanikera kwa sababu nyumbani mimi ndiye "aliyeshindwa." Karo ilikwama, kweli, na tulikuwa wanne kwenye chumba cha wawili. Lakini si chupa iliyonifanya nikose CAT tatu nikiwa nimelala. Nzi hana hiyo aibu; mimi ninayo, na sitaki kuitupia jeni.

Mdogo wangu ameitwa chuo, anaripoti Septemba. Mama anataka nimwambie ajitahidi. Nitamwambia. Ila kwanza nitamuuliza atalala wapi, na atakula nini.