Dhima ya Aliyeanza Kupiga

Wanazuoni wametufunza tangu kale kwamba mtoto huzaliwa juu ya fitra, na kwamba kalamu ya dhambi haimwandiki mpaka abaleghe. Nasi tuyakubalio hayo msikitini bila ya kusita, hatuna budi kuulizana: katika miaka ile ambayo kalamu imeinuliwa juu yake, sisi tuliomlea huandikiwa nini?

Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 habari za utoto wao, na karibu robo tatu yao, wake kwa waume, walieleza jeuri ya makonde, mateke na mijeledi iliyowafika kabla ya kutimiza miaka 18. Mwanzoni mwa 2015 Dar es Salaam ilikuwa ikifunga milango mapema kwa hofu ya Panya Road, vijana wenye mapanga, baadhi yao watoto hasa. Sisemi kwamba kila aliyepigwa hushika panga. Wengi mno walipigwa wakawa watu wapole, na kwa hoja hiyo wazee wetu huitakasa fimbo. Hoja dhaifu hiyo: aliyenusurika homa hathibitishi kwamba homa ni dawa.

Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, alikwisha kubaini kwamba mwanafunzi alelewaye kwa ukali hujifunza uongo na hila ili auepuke mkono wa mwalimu, hata hila ikawa ndiyo tabia yake. Mtazame mtoto aliyetumwa akakate mwenyewe fimbo ya mpera: haichukui nyembamba, asije akarudishwa kwa kejeli, wala nene, kwa kuwa anaujua mgongo wake, huipukuchua majani, akaileta kwa mikono miwili, kwa adabu kamili. Somo alilolipata njiani, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, halimo katika kitabu chochote cha shule, na ndilo asilolisahau.

Akibaleghe akamjeruhi mtu, dhima ni yake, wala simwombei udhuru; ila dhima yake haiifuti ya aliyeanza kupiga, ambaye kwa kawaida hakuna askari amfuataye, bali huamkiwa shikamoo.

Kenya iliviondoa viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zaruhusu viboko visivyozidi vinne. Kanuni hizo na zifutwe.