Mnyama wa Nyuma ya Chai

Binti yangu wa gredi ya tatu amempenda panda mwekundu. Alimkuta kitabuni: mkia wa mapete, manyoya ya rangi ya kutu, mashavu meupe. Jioni moja, mvua ya alasiri imeshakatika, akaniuliza, "Baba, kwetu wanaishi wapi?"

Nikamwambia kwetu hawapo, wao ni wa milima ya Himalaya. Kisha nikakumbuka Darjeeling, huko India, nchi ya chai kama yetu, ambako kuna bustani ya wanyama inayowazalisha panda hao. Huko chai na mianzi, hapa chai na mianzi. Hata kiwanda kimoja cha Kericho kinaitwa Tegat, nalo ndilo neno letu sisi Wakipsigis la mwanzi. Basi nikamnyooshea kidole ng'ambo ya mashamba, pale kijani cha chai kinapokomea na weusi wa Msitu wa Mau Kusini Magharibi unapoanzia. "Wetu yumo mle. Anaitwa bongo."

Akacheka. Kwake yeye Bongo ni kule zinakotoka nyimbo.

Nikachukua kijiti nikamchora kwenye udongo uliolowa, michirizi ya ubavuni nikaitia kwa majivu ya jikoni. Ni ndugu wa tandala na pofu, mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea, masikio mapana. Dume ana pembe, jike naye anazo. Akikimbia huinua pua na kulaza pembe mgongoni zisinaswe na matawi, na pembe zikasugua hata bongo mzee akaota kipara mgongoni. Hilo lilimkosha. Akainua kidevu, akaweka mikono kisogoni, akazunguka jiko mara tatu.

Aliporudi akihema: "Wewe umemwona?"

Sijamwona. Nimezaliwa hapa, nimechuma chai mpaka ukingo wa msitu, na sijamwona hata siku moja. Wanaomlinda nao hutafuta nyayo na kinyesi, na kufunga kamera mitini zipige picha zenyewe wao wakiwa wamelala. Wa aina hii ya milimani wanaishi Kenya pekee: Mau, Aberdare, Mlima Kenya na Eburu, na walio porini wanakadiriwa kutofika 100. Miongoni mwa waliomaliza wenzao ni wawindaji wenye mbwa. Bongo akizingirwa na mbwa mara nyingi husimama akawakabili, na mwenye mkuki anakuja nyuma yao.

Walio kwenye bustani za ng'ambo ni wengi kuliko walio msituni. Mwaka 2004, 18 waliletwa Nanyuki kutoka Marekani. Walizaliwa ugenini, wakarudishwa nyumbani wasikokujua. Sijui mtu hulisemaje hilo kwa mtoto, nikalipita.

La chai yenyewe sikulipita. Mashamba haya yalikuwa msitu kabla ya kuwa mashamba. Halafu mwaka 1986 serikali ikaanzisha ukanda wa chai ya Nyayo kandokando ya misitu, ili mtu asilime kupita pale. Kilichoula msitu ndicho kikawekwa kuulinda, kama fisi aliyekabidhiwa zizi. Na mahali pengine, kusema kweli, fisi amelinda.

Lakini swali lake, kama nimemwona, lilinikaa. Simba anajilipia, watalii humfuata Maasai Mara. Bongo hajionyeshi, hivyo hana anachomlipa mtu. Tukisema tumtunze kwa sababu msitu wake ndio unaotoa maji ya Itare na Kipsonoi, tumeusifu msitu, yeye bado hatujamtaja. Nilitafuta sababu iliyo yake mwenyewe nisiipate, na nikaona huenda ninamtaka atoe hesabu ambayo mimi sijawahi kuitoa.

Giza likaingia. Lori la majani likapanda kilima likinguruma kuelekea kiwandani, taa zake zikapita juu ya vichaka vya chai na kuzimikia kwenye miti.

"Amelisikia?" binti yangu akauliza.

"Kwa masikio yale? Nadhani amelisikia."

"Basi yeye anatujua," akasema, akaingia ndani akikanyaga kando asiuharibu mchoro.