Madawati Sitini au Mia?



Kila mwaka vyuo vinapofunga, vijana wetu hutawanyika katika maofisi ya jiji kwa mafunzo kwa vitendo. Zamani wengi wao walikuwa wanachuo wa ualimu, uuguzi na ukarani. Siku hizi wapo pia wanaojifunza uhusiano wa umma na uandaaji wa sherehe na mikutano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huifundisha kazi hiyo katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, na hapa mjini kwetu kazi yenyewe haikosekani. Upo Ukumbi wa Karimjee, upo Ukumbi wa Mikutano wa Kimataifa wa Julius Nyerere uliofunguliwa mwaka 2013, na yapo mahoteli mengi. Kijana hupewa orodha ya wageni, hupanga viti vya meza kuu, huhakikisha kwamba vipaza sauti vinafanya kazi, kisha huandika habari ya shughuli ili ipelekwe magazetini.

Wako wazee wanaoidharau kazi hii wakisema ni kazi ya kupamba tu. Mimi siungi mkono neno hilo. Kumpokea mgeni, kumkalisha anapostahili na kumweleza mwenyeji kwa uzuri ni ukarimu, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa thamani ya ukarimu. Lakini ndani ya kazi hii limo swali gumu, nalo humfikia kijana mapema kuliko tunavyodhani.

Binti mmoja niliyemfahamu tangu utoto alikuwa mazoezini katika ofisi ya namna hiyo, ambayo sitaitaja jina. Kampuni moja iliwapa kazi ya kuandaa makabidhiano ya madawati katika shule ya msingi. Wasomaji watakumbuka jinsi makabidhiano hayo yalivyoenea mwaka 2016, watoto walipoongezeka mashuleni baada ya kutangazwa elimu bila malipo, na Rais John Magufuli akaagiza shule zipatiwe madawati. Mabenki, makampuni na wabunge walichangia, na watoto wengi waliinuka kutoka sakafuni. Lilikuwa jambo jema.

Siku ya shughuli hiyo turubai lilipigwa, ngoma zikachezwa, hotuba zikatolewa. Binti alihesabu madawati: yalikuwa 60. Bango lilisema 100. Jioni alipoandika habari akaweka 60, mkubwa wake akafuta na kuandika 100. Akamwambia kwa upole, “Mwanangu, arobaini yaliyobaki yatakuja tu. Hapa hatusemi uongo, tunasema mapema.” Na huyo mkubwa ndiye atakayejaza fomu ya alama zake.

Je, binti huyu alikuwa na wajibu gani?

Kwanza tutenganishe sifa na uongo. Nendeni asubuhi katika soko la samaki pale Feri, msikilize mnada. Mnadi husifu samaki wake kwa maneno makubwa, wala hakuna amwitaye mwongo, kwa sababu samaki yuko mbele yetu. Mnunuzi hufunua matamvua, hutazama macho ya samaki, kisha huamua. Maneno ya mnadi hayamfungi mtu macho. Lakini msomaji wa gazeti aliye Songea au Bukoba hakuyaona madawati. Hana cha kufunua. Ameazima macho ya yule aliyekuwapo, na aliyeazimwa macho hana ruhusa ya kuona arobaini zaidi. Mahali ambapo msikilizaji hawezi kuhesabu, msemaji hana budi kuhesabu kwa niaba yake.

Pili, hebu tulitazame lile neno “yatakuja tu.” Dawati moja hukaliwa na watoto watatu, basi madawati 40 ni watoto 120. Siku ile ilipochapwa kwamba shule imepata 100, watoto hao waliketi kwenye madawati katika karatasi na sakafuni katika darasa. Mfadhili mwingine akisoma atasema, shule ile imekwisha saidiwa, twende kwingine. Mwalimu Mkuu naye akidai yaliyobaki ataonekana hana shukrani. Kwa hiyo uongo huu mdogo haukuwa bila mtu wa kuulipia. Waliulipia watoto.

Anania na Safira hawakulaumiwa kwa kutoa kidogo. Petro alimweleza Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake na fedha zilikuwa zake. Kosa lao lilikuwa kuileta sehemu na kuiita yote.

Tatu, kuna hoja ya utii: mwanafunzi ni mdogo, aliyeamuru ndiye mwenye kosa. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Ivy Lee, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa kazi hii, mwaka 1906 aliwaahidi waandishi wa magazeti habari zilizo wazi na za kweli. Mwaka 1914, wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe huko Colorado, alisambaza taarifa kwa niaba ya wenye migodi, na ndani yake zilikuwamo hesabu za uongo juu ya malipo ya viongozi wa wagomaji. Tume ilipomhoji mwaka 1915, alikiri kwamba alizipokea kutoka kwa waliomwajiri bila kuzihakikisha. Ikiwa bingwa hakuokolewa na maneno “nilipewa”, mwanafunzi naye asiyategemee.

Nami niliyakuta haya katika ualimu. Tulipokwenda kuwakagua wanachuo wetu kwenye mazoezi ya kufundisha, mara nyingine tulikuta andalio la somo limenyooka, vifaa vimetundikwa, na watoto wananyosha mikono kabla swali halijaisha. Somo lilikuwa limekaririwa tangu jana. Nilikuwa nikiuliza swali moja lisilokuwamo katika andalio, na papo hapo darasa lilinyamaza. Simlaumu sana mwanachuo yule, maana alitaka alama. Lakini wale watoto walijifunza somo lingine siku ile, kwamba mgeni akija tunajifanya.

Basi kijana afanyeje? Asikimbilie kugomba na mkubwa wake. Aandike hivi: “Leo yamekabidhiwa madawati 60, na kampuni imeahidi kuleta 40 yaliyobaki,” na ataje tarehe ikiwa imetolewa. Habari hiyo ni ya kweli, inamheshimu mtoaji, na tena inamkumbusha ahadi yake. Huo ndio ufundi halisi wa uhusiano wa umma: kuitafutia kweli sentensi yenye adabu. Ikikataliwa, aombe kwa heshima jina lake lisiwekwe, na amweleze msimamizi wake wa chuo. Pengine alama zitapungua. Nasi wazazi, siku hiyo tusimwulize kwa nini hakuwa mjanja.

Maana vijana hawa hawakuanza kujifunza haya maofisini. Walituona sisi. Katika harambee zetu mtu huinuka akatamka laki tano, tukashangilia, na katibu akaandika laki tano, hali mkononi amepokea elfu hamsini. Jumapili ijayo hutangazwa jumla, nayo ni ya ahadi. Kamati za arusi hufanya vivyo hivyo, na bwana arusi hubaki na deni la turubai.

Ningependa wazee wa kanisa letu waanze kutangaza hesabu mbili katika kila harambee, fedha zilizopokewa na fedha zilizoahidiwa, kila moja peke yake. Hesabu ya kwanza itakuwa ndogo, na huenda tukaona haya kuisikia. Lakini kijana aliyeketi kiti cha nyuma ataisikia, na siku atakapohesabu madawati 60 atajua la kuandika.