Saa Haioni Mkwaju Mdogo

Mpwa wangu, saa yako ya gofu ni nzuri. Nalisema hilo mapema usije ukadhani mjomba anagombana na mashine kwa kuwa ni mzee. Nimeona fimbo za vichwa vya mbao zikipotea, nimeona kila fimbo mpya ikija na ahadi zake, na watu wakiendelea kupiga vilevile. Saa nayo imekuja, ikaribishwe. Ila nimechoka kumwona kijana mwenye akili zake amesimama katikati ya grini, pale kwenye majani mafupi yenye shimo, akibofya mkono, na kundi la nyuma limeshika viuno likingoja. Kwa hiyo keti. Haya nimeyasema kwa wengi, nitayasema tena.

Saa yako inajua ulipo. Mpaka mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Ilipoacha, mwezi Mei mwaka huo, kifaa cha kawaida kikaweza kujua mahali pake kwa kukosea mita chache tu. Humo ndani kuna pia kitambuzi cha mwendo. Mkono ukizunguka kwa kasi na fimbo ikagonga kitu, saa inausikia ule mshtuko na kuandika: mkwaju mmoja, mahali hapa. Ukaenda mpira ulipoangukia, ukapiga tena, inapima kutoka pale hadi hapa na kukwambia kwamba fimbo ya chuma nambari 7 imekupeleka mita 125.

Hapo ndipo inapokufaa, na usiipuuze. Mchezaji hukumbuka mkwaju mmoja uliowahi kwenda mita 150, akasahau yote iliyofia njiani. Matokeo yake kila siku anachukua fimbo fupi kuliko inayotakiwa na kuanguka kwenye mchanga ulio mbele ya grini, kisha anamlaumu kedi anayembebea fimbo. Saa haina majivuno hayo. Ikikwambia 125, shika 125 na unyamaze.

Lakini uliza pia ni 125 za wapi. Wewe unacheza Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unasafiri zaidi. Ukija nyumbani Mombasa, kwenye mashimo yetu tisa yaliyopo tangu 1911, unasimama ukingoni mwa bahari yenyewe, hewa nzito, kusi likivuma. Wastani ulioukusanya kule utakuangusha huku, na saa haitakuomba radhi. Wala usitafute programu ya kukupimia upepo. Kanuni za gofu tangu 2019 zinaruhusu kifaa cha kupima umbali, isipokuwa kamati ya mashindano ikikataza. Kupima nguvu za upepo wakati wa mchezo, kupima mwinuko wa ardhi, au kuacha kifaa kikuchagulie fimbo kulingana na mpira ulipolala, hayo hayaruhusiwi. Kosa la kwanza katika mchezo wa kuhesabu mikwaju ni adhabu ya mikwaju miwili, la pili unatolewa. Saa nyingi zina vipengele hivyo, na si kazi ya kedi kukukumbusha kuvizima.

Sasa tuje kwenye grini, maana ndiko nilikotaka kukufikisha.

Msukumo, yaani ule mkwaju wa nusu mita wa kuingiza mpira shimoni, hauna kasi wala mshtuko. Mkono umesogea kidogo tu, kama mtu anayeteleza kikombe mezani. Saa iliyo mkononi haiwezi kujua kwa uhakika kama umepiga, umejaribia, au umeinama kuokota alama yako. Ndiyo maana saa nyingi za gofu, ukimaliza shimo, hukuuliza wewe uziandikie misukumo ni mingapi. Wako wanaouza vitambuzi vya kufunga kwenye mkia wa kila fimbo, Arccos kwa mfano, na hivyo husaidia. Hata hivyo mchezaji anarudi kwenye simu baada ya raundi kusahihisha, kwa sababu msukumo mmoja umeandikwa miwili, na ule wa kugusa tu haukuandikwa kabisa. Upande wa pili, ukijaribia na fimbo ikachota majani vizuri, saa inakuandikia mkwaju ambao hukuupiga. Na mpira ukienda baharini, inaona umepiga mara mbili kutoka sehemu moja. Adhabu haiioni, maana adhabu haina mwendo wa mkono.

Unaelewa ninachokuonyesha? Mashine inashika mikwaju mikubwa, ile ambayo hakuna anayeidanganyia. Nani ataficha draiva iliyopigwa mbele ya watu watatu? Inayofichwa ni ile midogo: mpira umepita shimo kwa shibiri moja, ukaukwangua nyuma kwa hasira, ukaingia, ukasema moyoni huo si mkwaju. Ni mkwaju. Kwenye kadi una thamani sawasawa na ule wa mita 250. Hapo saa imenyamaza, na ukimya wake vijana wanauchukua kama ushahidi. “Mjomba, saa inasema tano.” Saa haikusema tano. Wewe ndiye uliyeiambia tano.

Halafu kuna hili la kujisifia hesabu. Umenionyesha simu: misukumo 29 kwa raundi nzima, na umefurahi. Vigezo vya uwanja hukadiria misukumo miwili kila shimo, yaani 36 kwa mashimo kumi na nane, basi unajiona bingwa. Lakini ulikosa grini karibu zote! Ulikuwa unachipu kutoka pembeni na kuuacha mpira hatua moja kutoka shimoni, kisha unausukuma. Misukumo lazima iwe michache. Mwenzako aliyepiga grini kumi na mbili kwa mkwaju wa mbali, akawa anasukuma kutoka mita kumi, mita kumi na mbili, akamaliza na misukumo 33, huenda amesukuma vizuri kuliko wewe.

Jambo hilo lilifanyiwa hesabu na profesa wa Columbia huko New York, Mark Broadie, aliyechambua vipimo vya mikwaju ya wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, iliyopimwa kwa leza. Hakuhesabu misukumo tu. Alilinganisha kila msukumo na umbali ulikoanzia. Kutoka mita mbili na nusu hivi, hata hao wanaolishwa na gofu huingiza nusu tu. Kutoka mita kumi, wastani wao ni misukumo miwili. PGA Tour yenyewe ikaanza kutumia hesabu hiyo kwa upande wa kusukuma mwaka 2011. Na alichokuta ni hiki: tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida iko zaidi kwenye mikwaju ya mbali kuliko kwenye grini. Wewe unanunua fimbo ya tatu ya kusukumia, kumbe ugonjwa uko mita 140 nyuma.

Basi ukitaka hesabu ya misukumo ikufae, idadi peke yake haitoshi. Unahitaji umbali wa msukumo wa kwanza. Na umbali huo saa haiwezi kukupa, kwa sababu inakosea mita tatu, nne, na msukumo wenyewe wote ni mita mbili. Tumia miguu. Unapokwenda kutazama mteremko, si unatembea kutoka kwenye mpira hadi shimoni? Hesabu hatua. Ukishatoka kwenye grini, si ukiwa juu yake, andika mambo mawili: hatua sita, misukumo miwili. Baada ya miezi michache utajua kama unakosa zile za hatua mbili au unashindwa kuufikisha mpira kutoka hatua kumi na tano. Haya ni magonjwa mawili mbalimbali, na hayana dawa moja.

Kuhusu kadi, sikiliza kisa ambacho kila mchezaji wa umri wangu anakijua. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina, siku ya kutimiza miaka 45, alicheza raundi ya mwisho kwa mikwaju 65. Ilimtosha kufungana na Bob Goalby na kurudiana naye. Shimo la 17 alilimaliza kwa mitatu. Umati uliona, televisheni iliona. Tommy Aaron, mchezaji mwenzake aliyekuwa akimwandikia kadi, aliandika minne. De Vicenzo akasaini bila kukagua. Kanuni ikashika: ukisaini mikwaju mingi kuliko uliyopiga, hiyo hiyo inabaki. Ikawa 66, na Goalby akabeba ushindi. Angesaini pungufu, angeondolewa kabisa. Miaka mitano baadaye Aaron huyo huyo alishinda Masters, na kabla ya kusaini aliona mwenzake Johnny Miller amemwandikia mkwaju mmoja wa ziada. Alikuwa amejifunza kusoma kadi.

Hakukuwa na saa za namna hii wakati ule. Zingekuwepo, bado kadi ingehitaji jicho la mwenyewe na saini yake, maana kanuni haiiulizi saa chochote. Inakuuliza wewe, shimo kwa shimo. Ukifika mezani, soma namba zote kwa sauti na mwenzako, na panapotofautiana na saa, rudini kwenye kumbukumbu: mpira ulianguka wapi, ulidondosha wapi, nani aliona. Ni mazungumzo ya dakika tatu. Ukiona aibu kuyafanya mbele ya kedi aliyekufuata raundi nzima, yeye tayari anajua umepiga mingapi.

Jumamosi tunacheza saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Kadi yako nitaishika mimi, na yangu utaishika wewe. Saa ivae, uniambie ni umbali gani hadi katikati ya grini, macho yangu hayafiki tena. Na uje na penseli.